Siku Kartieri Yetu Ilipokataa Nyumba ya Gaji

Mwanangu, nakumbuka ile Jumamosi ya salongo kama vile vumbi lake liko bado kwenye pagne yangu ya kitenge. Lakini kabla sijaingia ndani ya maneno, acha nikutajie wenye kuwa pale, maana mimi sijui kueleza habari isiyo na majina ya watu.

Alikuwepo Shefu Paluku, shefu wa avenyu yetu hapa kwenye kartieri ya Bungulu, mtaa wetu; marehemu bwana yangu ndiye alimfundisha kuendesha kinga, ile baiskeli, akiwa kijana. Alikuwepo Mama Soki, muuza samaki wa chumvi, mkubwa wa wamama wa kwaya, mwenye sauti inayofika sokoni kabla yake. Alikuwepo Kavira, fundi wa kushona, aliyekimbia vita kutoka Eringeti na anakaa kwenye chumba cha nyuma cha parseli yangu, kiwanja changu; si damu yangu, lakini nikimwita anaitika kama mtoto wangu. Alikuwepo Kambale, fundi wa kujenga, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwepo bwana mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, jina lake Kasereka, lakini sisi wote tulimwita Patron. Na Kakule, mtoto wa shemeji yangu, mwenye ile nyumba iliyoleta maneno. Yeye alikuwepo ndani ya simu tu, sababu anafanya biashara Kasindi, kule mpakani. Mimi ni Kanyere, ingawa hapa hata watu wenye mvi wananiita Koko, kama nyanya yao.

Haya, sikia sasa.

Nyumba ya Kakule ilikuwa tupu tangu mpangaji wake wa mwisho, mwalimu kutoka Kasai, alipohamishwa na serikali. Ni nyumba nzuri, matofali ya kuchoma, iko pale njia mbili zinapokutana. Huwezi kwenda kuteka maji bila kupita mbele yake. Basi siku moja tukaona ubao wa buluu wa Patron umesimamishwa ukutani: LETA KITU, BEBA MAKUTA, yaani pesa. Mama Soki ndiye alinisomea, maana mimi masomo yangu yaliishia darasa la pili na herufi zinanipita mbio.

"Kitu gani banaleta?" nikamuuliza.

"Kitu yoyote, Koko. Sufuria, redio, kinga, matela. Unamuachia, anakupa makuta. Mwezi ikiisha haukurudisha na ile anaongezaka juu, kitu inabaki yake. Ile njo banaita gaji."

"Na bwana, banapokea?"

"Yangu batamukataa. Anakoroma."

Tulicheka, tukaenda zetu kuteka maji. Watu walivyopita pale walikuwa wanacheka hivyo hivyo, kila mmoja na mzaha wake, na hakuna aliyefikiri kwamba ule ubao ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya parseli yangu.

Sikukuu ya mavuno kanisani ilikuwa inakaribia. Sisi wamama wa kwaya tulikuwa tumenunua pagne ya namna moja, ya kijani yenye mikungu ya ndizi, tukampa Kavira yote atushonee. Usione Kavira ni fundi wa mchezo! Siku alipokimbia Eringeti, mahali ambapo wanawake wengine walibeba matela ya kulalia, yeye alifunga kichwa cha masini yake ya kushonea mgongoni na kitambaa, kama mtoto, na alitembea nacho hivyo mpaka alipopata gari. Alipofika kwangu nilidhani kweli ni mtoto. Nikamwambia, "Mushushe, anyonye." Akashusha chuma.

Basi Mama Soki aliingia kwangu kujaribisha blauzi yake, anapiga kelele tangu kwenye mlango wa parseli: "Kavira! Kuya unipime mbele sijanenepa tena!"

Kavira akatoka ameshika sindano ya mkono na uzi. Vidole vimetobokatoboka. Mama Soki akatazama vile vidole, kisha akatazama ile kona ambapo masini hukaa.

"Masini iko wapi?"

Kavira akaendelea kuvuta uzi wake.

"Mi nakuuliza muzuri. Masini iko wapi?"

"Iko ku Patron."

Kavira akakaa chini kwenye ngazi, akatueleza. Mama yake mzazi alikuwa amebaki Oicha, mgonjwa, hawezi kushika vizuri juu ya pikipiki, lazima gari. Patron alikuwa hajafungua bado, anangoja karatasi ya ruhusa kutoka biro, ofisi ya serikali, lakini Kavira alikwenda kumlilia na yeye akasema sawa, kwa kukuhurumia, leta. Akapeleka masini. Makuta yalikwenda Oicha kutafuta gari.

"Ningefanya nini, Koko? Mama alikuwa anaisha kule. Na weye nakuonaka, ata chumvi unaomba ku jirani."

Alisema kweli. Lakini Mama Soki alikuwa na maneno mengi.

"Donc siku ya mavuno kwaya muzima itajifunga vitambaa kama mapazia? Na weye mutoto, ile makuta utarudisha na nini? Utashonea bantu na meno?"

Hapo ndipo Kavira alianza kulia, na Mama Soki mwenyewe akakaa karibu yake kwenye ngazi, akamshika bega, akaanza kulia pia, sababu alikuwa amelisema jambo lenyewe lilivyo. Bila masini Kavira hawezi kushona. Bila kushona hawezi kurudisha. Mwezi ukiisha, masini inauzwa. Na ile masini ndiyo ilikuwa nyumba yake, shamba lake, bwana wake na kijiji chake chote alichokiacha.

Kabla jua halijashuka avenyu nzima ilijua. Ee, Mama Soki! Watu wakaanza kutoa mawazo ambayo hawakuwa nayo asubuhi. Mmoja anasema, mwizi atavunja kwangu leo, kesho sufuria yangu iko ndani ya ile nyumba na hakuna atakayeuliza ilitoka wapi. Mwingine anasema, vijana watapeleka redio za baba zao. Tukaenda wote kwa Shefu Paluku, wamama mbele, wababa nyuma wakijifanya wanapita tu.

Shefu alitutuliza. Akasema biro ya komine haijatoa karatasi, na kabla ya kuitoa inataka wakaaji wasikilizwe. "Jumamosi, salongo ikiisha, pale mbele ya nyumba. Kila mutu aseme. Lakini munakuya na midomo, hapana na mawe."

Salongo unaijua, mwanangu. Jumamosi asubuhi maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa watu kusafisha njia na mitaro. Kwa hiyo siku ile watu walipokusanyika mbele ya nyumba ya Kakule, kila mtu alikuwa na chombo chake mkononi. Majembe, mabeleshi, mafagio, panga za kukatia majani. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, walikuwa wamekuja nazo kubeba takataka. Kambale alikuwa na brueti yake, ile toroli ya gurudumu moja anayobebea mchanga na saruji. Nilisimama nikatazama. Vitu vyote vile vilikuwa mbele ya ule ubao wa buluu, vimeshikwa na wenyewe, vina udongo mbichi.

Patron alifika na koti zuri na viatu vyeupe. Simtukani, alikuwa mtu wa adabu. Alisalimia wazee kwanza, akainama kidogo mbele yangu, akasema, "Koko, wavukire," kwa Kinande safi cha Butembo, kama mtu aliyelelewa. Ndiyo maana ilikuwa kazi kumkataa. Mtu mbaya ni rahisi.

"Ba mama, ba papa," akaanza, "mi hapana mwizi. Biro iko na kitambulisho yangu. Mutu anakuya mwenyewe, na miguu yake, hakuna mwenye namuvuta. Mutoto anagonjwa, banki itakupa? Haikujue. Ndugu yako atakupa? Naye hana. Donc mi niko mulango. Kama hamutake mulango, ni nyie."

"Mulango ya kutokea vitu!" akapiga kelele mmoja wa vijana wa chukudu.

"Kimya!" akasema Shefu Paluku. "Hii ni mukutano, hapana kituo ya pikipiki."

Na hapo ndipo Kambale aliposukuma brueti yake mpaka katikati, akaiweka chini, akasema, "Mi niko na Patron."

Weee! Zilipigwa kelele mpaka mbwa wa nyumba ya pili akaingia ndani. Mama Soki akanyoosha ufagio: "Kambale atoke! Kambale arudi kwake na mawazo yake!"

Sasa wewe unajua sisi Wanande na majina yetu. Kila nyumba, mtoto wa pili wa kiume ni Kambale. Nusu ya wababa wakageuka kumtazama.

"Kambale gani, mama? Mi sijasema kitu!" mmoja akasema.

"Na miye? Nilikuwa nachimba tu mutaro!"

"Ule ya brueti!" akajibu Mama Soki, na watu wakacheka hata Patron akacheka, na huo mcheko ulitusaidia, maana Kambale alipata nafasi ya kusema.

"Muko nacheka," akasema. "Muzuri. Mwaka ule mutoto yangu alipasuliwa tumbo, munajua? Alipona. Mais hospitali ilikatala atoke mbele ya kulipa. Mutoto muzima, anakimbia mu lupango, mu kiwanja ya hospitali, hawezi kurudi nyumbani. Bibi yangu, mama yake, analala naye kule, chini. Nyie ba mama mulikuya, mukaimba, mukaomba, mukarudi. Aksanti. Mi nilikuwa naangalia hii brueti na nasema, kama kungekuwa mutu wa kuishika, mutoto angetoka leo. Hakukuwa mutu. Asa mutu amekuya, munamufukuza. Juu ya nini?"

Mama Soki alishusha ufagio. Tuliimba kweli, mwanangu. Wimbo mzuri, wa sauti nne.

Mimi sikuwa nimepanga kusimama. Magoti yangu siku ya salongo huwa nayaacha nyumbani. Lakini maneno ya Kambale yalinipeleka Butembo, kwenye ile nyumba ya mama mkwe wangu Kahindo, wakati nilikuwa bibi arusi mbichi ambaye hajazaa bado. Nikajikuta niko juu, Kavira amenishika mkono.

"Acheni niwaambie kitu," nikasema, na wakaniacha.

Niliwaambia hivi. Kule Butembo tulikuwa na jirani anaitwa Katungu. Msimu mmoja bwana yake aliugua na mbegu zote za maharage zikaliwa. Katungu akaja kwa mama mkwe wangu na jembe lake, akaliweka mlangoni, akasema, chukua hili, nipe mbegu na kuku wa kupeleka kwa mganga. Mama mkwe akalipokea jembe, akampa. Nami nilifikiri jambo limekwisha, nikalitundika jikoni nikifurahi kwamba tumepata jembe la pili. Asubuhi, umande haujakauka, Katungu yuko mlangoni. Mama mkwe ananiambia, mpe jembe aende shamba. Nikampa. Jioni akalirudisha, likalala kwetu. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho yake. Mimi damu ya ujana ikanipanda. Nikamuuliza mama mkwe: mama, na siku akikimbia nalo? Kwa nini tusilifungie mpaka arudishe?

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua hata kichwa. Akaniambia, "Weye unataka jembe, ao unataka jirani? Jembe likikaa hapa mchana, atalima na vidole?" Kisha akaniinulia macho, na yale macho nayaona hata leo. "Na kila jioni akilileta ananiambia bwana yake ameamkaje. Ukilifungia, nani ataniambia?"

Ikawa hivyo, mwanangu, mpaka maharage yakakomaa. Katungu alileta kikapu kimejaa, akasema wasingya, ndiyo aksanti ya kwetu, na jioni ile jembe likalala kwake.

Nilipomaliza kuwaambia hayo nikamgeukia Patron. "Mwanangu Kasereka, weye ni mutoto wa Butembo. Haya ni ya kwenu. Masini ya Kavira ilale kwako, sawa. Mais mchana aje ashonee. Utafanya vile?"

Watu wote wakamtazama. Akavua kofia, akajikuna. Angeweza kunidanganya. Hakunidanganya, na kwa hilo ninamheshimu hadi leo.

"Koko," akasema pole pole, "mama mukwe yako alimujuaka Katungu. Alijua nyumba yake, alijua bwana yake. Miye hii avenyu sijue mutu. Najua tu bei ya masini. Nikiiacha itoke, nitamufwata mutu wapi?"

"Njo ile!" akaruka Mama Soki. "Njo ile! Amesema mwenyewe! Anajua bei ya masini, hamujue Kavira!"

Makofi! Vigelegele! Vijana wakapiga mabeleshi juu ya mawe. Nami nilidhani tumemaliza. Lakini Kambale alikuwa bado amesimama kwenye brueti yake, na aliinua mkono mpaka tukanyamaza.

"Sawa, Koko. Ile habari ni nzuri. Mais mama mukwe yako alikufa. Leo, hapa Bungulu, jembe italala ku nani?"

Mwanangu, kama kuna swali lililonipiga maishani, ni lile. Maana ni rahisi sana kusimama mbele ya watu na kumsifu marehemu. Niliangalia mikono yangu.

Ni Mama Soki aliyejibu. Alisogea mpaka mbele ya Kambale, mwanamke mnene na ufagio wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema taratibu.

"Ku kwangu. Tuko na likelemba ya ba mama, kila mutu anaweka, kila mutu kwa zamu anabeba. Kuanzia leo, mbele ya mutu kubeba, tunatoa kidogo, tunaweka pembeni, ya wagonjwa. Ukiwa na shida, leta brueti kwangu. Italala kwangu. Asubuhi unaikamata, unaenda kazi. Na jioni ukiirudisha utaniambia mutoto ameamkaje. Hatutakuya kuimba tu."

"Unasema mbele ya batu bote?"

"Nasema mbele ya batu bote, na mbele ya Mungu, na mbele ya ule Kambale ingine pale asije akasema hakusikia."

"Mi nimesikia, mama," akajibu yule wa mtaro.

Na wamama wa kwaya, mmoja mmoja, wakasema hata mimi, hata mimi. Shefu Paluku, ambaye ni mtu wa kutaka mambo yaonekane, akachora mstari mavumbini na fimbo. Wanaotaka nyumba ya gaji wakae upande wa mtaro, wasioitaka waje upande wa nyumba. Ilikuwa vurugu ya furaha, watu wanavuka, chukudu zinagongana, mtu anamkanyaga mwenziwe anamwomba radhi. Upande wa mtaro wakabaki wachache. Kambale alikuwa kati yao. Akatazama ardhi. Kisha akainama, akashika mikono ya brueti, akaisukuma juu ya mstari mpaka upande wetu. Gurudumu lile huwa linalia kama paka. Siku ile lililia nikaona limeimba.

Patron akasema, kwa haki yake, "Bon. Mais nyie hapana wenye nyumba. Nimeongea na mwenye nyumba."

Nikamwambia Kavira, tafuta Kakule kwenye simu, uiweke kwa sauti kubwa.

"Allo? Mama mukubwa?" sauti ya Kakule ikatoka, imejaa hofu. "Nani amekufa?"

"Bado," nikasema. "Tuko mbele ya nyumba yako. Sote. Subiri wakusalimie."

Nikapitisha simu. Mwanangu, ungekuwepo! Kila aliyeishika alikuwa na lake. Mmoja alimuuliza kama kule Kasindi amesahau njia ya kurudi. Mama Soki alimkumbusha samaki aliokula kwake akiwa mwanafunzi bila kulipa hata mkia. Simu ikafika kwa Kambale, na sisi tukasogea karibu.

"Kakule, ni Kambale wa brueti. Hii nyumba mi njo nilijengaka. Matofali yake, hii avenyu yote ilipitisha mukono kwa mukono mbele ya mvua kunyesha, unakumbuka? Hakuna mwenye alikuomba kitu. Asa banakuomba. Usiweke gaji hapa."

Tulisikia upepo wa Kasindi ndani ya simu. Tukasikia mtu kule anapatana bei ya vitunguu.

"Mama mukubwa uko hapo?"

"Niko."

"Mwambie Patron nitamurudishia makuta yake ya nyumba. Na munitafutie mupangaji mwenye hatapigisha batu mayowe."

Shangwe ile siwezi kukueleza. Lakini Kavira hakuwa anashangilia. Alikuwa anatazama ule mlango. Patron naye alimwona.

"Nyumba mumekataa, sawa," akasema. "Mais masini, tulipatana na huyu dada. Sikumudanganya."

Na ilikuwa kweli, hakumdanganya. Kwa hiyo hatukumpigia kelele tena. Mama Soki akafungua fundo kwenye pembe ya pagne yake. Mwingine akafungua lake. Unajua mwanamke wa hapa anafunga nini kwenye lile fundo: ni chumvi ya kesho, ni sabuni, ni daftari la mtoto. Niliona mafundo yakifunguka avenyu nzima, na kapu la takataka la salongo likakung'utwa vumbi na kupitishwa. Hata vijana wa chukudu waliweka. Hata Kambale, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kutuambia kwamba kwake hatukufanya vile. Aliweka, na hakutuambia.

Patron akahesabu, akatoa ufunguo. Ndani ya chumba kile kikubwa hakukuwa na kitu kingine chochote, ni masini peke yake sakafuni, imegeuzwa ukutani. Kavira aliingia mbio akaifuta na mkono wake kama unavyofuta uso wa mtoto. Kambale akatandika gunia ndani ya brueti, na Patron mwenyewe, na viatu vyake vyeupe, akashika upande mmoja wakaiinua pamoja.

"Sasa mumenifukuza," akasema akijipangusa, "nani atanishonea suruali ya kurudi nayo Butembo?"

"Leta kitambaa, Patron," Kavira akamjibu, macho bado yamelowa. "Mais unalipa mbele."

Alicheka mpaka akakohoa. Tukaondoka na masini, Kambale anasukuma, kwaya inaimba nyuma, na njia tuliyotoka kuifagia tukaijaza vumbi upya.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yote yalinyooka. Patron alifungua nyumba yake ya gaji kwenye kartieri nyingine, na najua watu wa hapa wanaokwenda kule wakijifunika shali. Likelemba yetu kuna miezi mfuko wa wagonjwa unakauka na tunaangaliana tu. Blauzi ya Mama Soki siku ya mavuno ilimbana mpaka akaimba sauti ya juu asiyokuwa nayo. Lakini Kambale bibi yake alipojifungua kwa kupasuliwa, brueti ililala kwa Mama Soki msimu mzima, na kila asubuhi tulisikia gurudumu likitoka pale kwenda kazi. Na mama yake Kavira alifika kutoka Oicha. Alifika kwa makuta ya Patron, hilo nalo lazima niliseme. Leo anakaa kwangu, anagombana nami kuhusu chumvi ya sombe, na ninamshukuru Mungu kwa kila ugomvi.

Basi mwanangu, shika haya. Usimchukulie mtu kile anachofanyia kazi, hata akikuletea mwenyewe kwa mikono yake miwili. Kipokee kama unataka, lakini asubuhi mrudishie akafanyie kazi. Mkisimama pamoja kukataa kitu kibaya, simameni kwa nguvu, piga makofi, pitisha simu, usiogope koti wala viatu vyeupe. Lakini yule jirani anayesimama upande wa pili msikilize mpaka mwisho kabla hujamnyooshea ufagio, maana huenda anasimama pale kwa sababu ya siku ambayo ninyi mliimba mkarudi nyumbani. Na unapomwona mwenzako anashona kwa sindano ya mkono, usingoje akuambie. Muulize masini iko wapi.

Nyamuhanga aliyetuumba akupe majirani wenye kukujua jina, na mikono yako isikose kazi, na kila utakachokibeba kutoka nyumbani asubuhi kirudi nawe jioni.

Na kama nimemweka mtu mahali hakuwepo, au nimemnyang'anya mtu neno lake nikampa mwingine, wewe uliyekuwepo njoo uniambie. Niko hapa hapa Bungulu, uliza kwa Koko Kanyere. Mama Soki tayari anasema kwamba kwenye simu hakutaja samaki, alitaja maharage. Mimi nasema ni samaki.